Mionzi na kemo kwa pamoja: "Ba'mdogo anasema tunataka kummaliza kaka yake"

Shikamoo mama,

Mimi ni binti wa Ngamiani hapa Tanga, nina miaka 31, nauza vitenge Soko la Mgandini. Baba yangu ana miaka 62. Ni fundi wa magari makubwa, gereji yake ipo uani kwetu, na tangu ujana wake amelala chini ya malori. Sigara alianza kabla sijazaliwa. Mpaka leo anaiba moja moja akidhani hatumwoni.

Mwaka jana alianza kukohoa. Kituo cha kwanza walisema nimonia, akachomwa sindano siku tano. Kituo cha pili walipima makohozi, hawakuona wadudu, lakini wakamwanzishia dawa za TB kwa kuangalia picha ya kifua. Amezimeza miezi minne, mkojo mwekundu, mwili unakwisha, kikohozi kiko palepale. Siku alipotema damu kwenye kitambaa cha kufutia spana, mama akasema imetosha. Tukaenda hospitali ya Bombo. Daktari kijana akaitazama picha mpya kwa muda mrefu bila kusema kitu, halafu akatuandikia rufaa ya Dar siku ileile.

Dar wamempiga picha ya CT, wamepitisha kamera hadi kwenye mapafu, wamekata kinyama. Majibu ni saratani ya mapafu, aina isiyo ya seli ndogo, hatua ya tatu. Ipo pafu la kulia na kwenye tezi za katikati ya kifua. Kwingine hawajaiona. Wamesema kwa ilipokaa haifai kupasuliwa. Wamepima damu, figo, moyo na pumzi, wakasema mwili bado una nguvu za kuhimili. Mpango wao ni mionzi mara 30, Jumatatu hadi Ijumaa kwa wiki sita, na katika wiki hizohizo anatundikiwa dripu ya kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, mara moja kwa wiki. Kwenye karatasi wameandika kaboplatini na paklitakseli. Tunatakiwa turudi baada ya siku kumi.

Hapo ndipo nyumba ilipopasuka. Baba mdogo amesema mionzi peke yake inatosha kumuunguza mtu, na kemo peke yake inatosha kumkausha, sasa mkimpa vyote siku moja mnataka kummaliza kaka yangu. Anatoa mfano wa jirani yetu wa zamani aliyepigwa mionzi na hakumaliza mwezi. Anataka wampe kemo kwanza, apumzike, akipata nguvu ndipo mionzi. Shangazi yeye anataka tumpeleke kwanza kwa mganga wa Handeni, siku arobaini, ndipo tuende hospitali. Mama analia tu. Mimi nina mtoto wa miaka minne ambaye analala na babu yake kila usiku, na nimeambiwa mtu aliyepigwa mionzi anaitoa mwilini kama joto la jiko.

Na kuna jambo jingine. Baba hajui. Tumemwambia ana kidonda kwenye pafu. Wazee wa ukoo wamekataza neno saratani lisitamkwe mbele yake, wanasema atakata tamaa afe kabla ya siku zake.

Je, ba'mdogo ana haki? Tukiomba watenganishe hizo tiba tutakuwa tumemwonea huruma au tumemkosea?

Binti wa fundi, Tanga

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Mfikishie mama yako pole yangu, maana anayelia bila kusema ndiye aliyebeba zito kuliko wote.

Nilikuwa muuguzi kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa na wagonjwa wa saratani. Nitakujibu kwa urefu. Lakini la kwanza ni fupi: hizo siku kumi zisigeuke arobaini. Dawa za TB zimeshawala miezi minne. Makosa ya namna hiyo hutokea sana kwetu, kwa sababu kikohozi, kukonda na damu kwenye makohozi ni dalili za maradhi yote mawili, na TB ni nyingi. Lakini makohozi yakiwa safi na dawa zisipoleta nafuu, mtu hapaswi kuachwa miezi minne bila swali la pili. Kwa hilo nina uchungu na wewe. Muda uliobaki ndio ulio mikononi mwenu.

Sasa ya ba'mdogo wako. Mimi namwona kama mtu mwenye akili aliyeuliza swali sahihi: kwa nini moto miwili kwa wakati mmoja? Mweleze hivi, na siku ikifika mweleze baba yako vilevile, maana yeye fundi ataelewa kuliko sisi. Kila seli ya mwili ina gereji yake ndani. Mionzi inapopita inakata nyuzi za vinasaba, yale maagizo ambayo seli huyasoma ili igawanyike. Baada ya hapo mafundi wa seli huingia kazini kuunga palipokatika. Seli nzima zina mafundi hodari. Ndiyo sababu dozi hupigwa kidogo kidogo, kwa kawaida grei 2 kwa siku (grei ndiyo kipimo cha mionzi) hadi kufikia grei 60, badala ya kumiminwa siku moja. Kila usiku nyama nzima inapata nafasi ya kujitengeneza. Seli ya saratani nayo huunga, ila kwa ubabaishaji. Sasa dawa za jamii ya platinamu, yaani sisplatini na nduguye kaboplatini, hujibandika kwenye nyuzi hizohizo na kuwanyima mafundi wa saratani spana. Palipokatwa mchana hapaungiki usiku. Mionzi ileile, bila kuongezwa hata kidogo, inauma zaidi.

Kwa hiyo kemo ya baba yako katika wiki hizo sita haiji kama moto wa pili tu, inaunoa ule wa kwanza. Ikitenganishwa nao kwa miezi, kazi hiyo ya kunoa inapotea. Inabaki kazi yake nyingine, ambayo nayo ni kubwa: mionzi hupiga pale tu ilipoelekezwa, kemo huzunguka na damu ikivisaka vichembe vilivyokwisha kuponyoka kifuani na ambavyo picha haiwezi kuviona.

Anachotaka ba'mdogo, kemo kwanza na mionzi baadaye, kiliwahi kuwa ndiyo tiba ya kisasa kabisa. Kabla yake wagonjwa wa hatua ya tatu walipewa mionzi peke yake. Mwaka 1990 Wamarekani walichapisha utafiti wao: waliopewa mionzi tu, nusu yao walifika miezi karibu 10; waliotanguliziwa kemo, nusu yao walifika karibu 14. Hospitali nyingi zikafuata njia hiyo. Kisha likaja swali lenu, kwamba je, zikienda pamoja? Mwaka 2010 watafiti wakakusanya majaribio sita yenye wagonjwa zaidi ya 1,200 yaliyolinganisha njia hizo mbili. Katika kila wagonjwa 100 waliopewa moja baada ya nyingine, kama 11 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Waliopewa kwa pamoja walikuwa 15.

Najua unaitazama hiyo tofauti na kusema, wanne tu? Mimi nimewaona hao wanne, mwanangu. Mmoja alikuja kuniaga akiwa na mjukuu ambaye wakati wa tiba alikuwa hajazaliwa. Na hesabu hizo ni za wagonjwa wa zamani, wa mashine za zamani. Utafiti mwingine wa Marekani uliotoa majibu yake 2015 ulitaka kujua kama kuongeza mionzi kutoka grei 60 hadi 74, pamoja na kemo, kungesaidia zaidi. Haikusaidia, waliozidishiwa ndio waliokufa mapema. Lakini wale wa grei 60 walipofuatiliwa hadi miaka mitano, waliokuwa hai walikuwa kama 32 katika 100. Kwa hiyo akitokea ndugu mwenye uwezo akisema waongezewe dozi ili imalize kabisa, mjibu kwamba hilo limeshajaribiwa.

Ila sitakuficha bei yake. Katika yale majaribio sita, waliopata vidonda vikali vya umio, ile njia ya chakula inayopita katikati ya kifua, walikuwa kama 4 katika 100 kwa waliotenganishiwa tiba, na 18 katika 100 kwa waliopewa pamoja. Hapo ndipo hofu ya ba'mdogo ina ukweli. Ndiyo maana hospitali haimpi kila mtu. Mgonjwa ambaye muda mwingi yuko kitandani, aliyepungua uzito sana, mwenye figo au pumzi mbovu, huyo hutenganishiwa, au hupewa mionzi peke yake, na hakuna aibu wala kukata tamaa katika hilo. Wamempima baba yako vitu hivyo vyote ndipo wakasema anahimili. Mkienda, mwulizeni daktari swali moja waziwazi: "Lengo ni kumponya au ni kumpunguzia maumivu?" Kwa hatua ya tatu ya namna mlivyoelezwa, mionzi na kemo kwa pamoja hutolewa kwa lengo la kuponya. Yule jirani yenu simjui ugonjwa wake ulikuwa umefika wapi. Wengi wanaopigwa mionzi siku chache kisha wakafariki walifikishwa saratani ikiwa imeshaenea, na mionzi yao ilikuwa ya kutuliza maumivu ya mfupa au kuzuia damu. Ugonjwa ndio uliowaua, lawama ikaenda kwa mashine.

Nije kwenye koo, maana hapa ndipo vita vyenu vitakapokuwa. Wiki ya kwanza atakudanganyeni. Atalala chini ya mashine dakika chache, hatasikia maumivu yoyote, atasema "hiki ndicho mlichoniogopesha?" Kuanzia wiki ya pili au ya tatu ataanza kusema chakula kinakwama. Kisha kila tonge litapita kama kaa la moto. Wiki ya tano na sita ni ngumu zaidi, na maumivu huweza kuendelea wiki kadhaa baada ya mionzi kwisha, kisha hutulia. Mwambieni daktari mapema, asisubiri mpaka ashindwe kumeza mate. Zipo dawa za kutuliza koo na za maumivu, na maumivu yakizidi ipo mofini ya maji, isiwatishe jina lake.

Chakula kigeuzeni kabla koo halijafunga. Bada na samaki wa nazi aliyozoea itasubiri. Uji laini wa mchele au wa lishe uliotiwa karanga za kusaga na maziwa, mtindi, viazi vilivyopondwa kwa siagi, mayai laini, parachichi, ndizi mbivu, supu ya changu iliyochujwa miba. Kidogo kidogo, mara sita kwa siku, kikiwa vuguvugu. Pilipili, achari, ndimu, machungwa na chai ya moto inayofuka viondoke mezani. Na sigara! Hapo sibembelezi. Moshi unapunguza kazi ya mionzi na unazidisha vidonda vya koo na mapafu. Kuacha leo, hata kwa aliyevuta miaka arobaini, kunasaidia. Msimvizie na kumfedhehesha, mwambieni kwamba kila anapovuta anaipunguzia mashine nguvu. Fundi anajua maana ya kutia mchanga kwenye injini anayoitengeneza. Pimeni uzito kila wiki mkauandike.

Jambo la hatari zaidi halimo kooni. Kemo inashusha chembe nyeupe za damu, wale askari wa mwili. Mtu asiye na askari akipata homa, anaweza kuzidiwa ndani ya siku moja. Sasa sisi watu wa Tanga tunajijua. Mtu akiguswa joto tu, tunasema malaria, tunakimbia duka la dawa kununua mseto na panadol, tunalala tukisubiri asubuhi. Kwa baba yako katika wiki hizo hilo ni marufuku. Kipimajoto kikisoma 38 au zaidi, ni hospitali saa hiyohiyo, hata iwe saa nane za usiku, na neno la kwanza mtakalosema mlangoni ni kwamba "yupo kwenye kemo". Panadol msimpe kwanza, itaficha homa. Nywele zitadondoka kwa hiyo paklitakseli, vidole vinaweza kufa ganzi, atachoka, atachefukwa. Hayo myaseme kwa daktari, lakini hayamwamshi mtu usiku. Homa inamwamsha.

Mjukuu alale na babu yake. Mionzi hii inatoka kwenye mashine, inapita mwilini, inaisha. Ni kama eksirei, ukishazima taa hakuna mwanga unaobaki chumbani. Hatoi kitu kwa mtoto wala kwa mama yako. Ya kuangalia ni mawili. Siku mbili baada ya dripu, mkojo na matapishi huwa na mabaki ya dawa, kwa hiyo anayesafisha avae glavu na choo kimwagiwe maji mengi. La pili ni kinyume cha unachohofia: mtoto ndiye hatari kwa babu. Akiwa na mafua, tetekuwanga au surua, mtengeni mpaka apone.

Shangazi yako namheshimu, na Handeni naifahamu. Siku arobaini hapana. Dua haina ugomvi na mashine, asomewe asubuhi na jioni. Kombe likiandikwa kwa zaafarani, lioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, basi, kwa sababu ya hao askari waliopungua. Lakini mizizi na magome ya kuchemsha, vya kunywa na vya unga, viwekwe pembeni mpaka tiba iishe. Dawa zenyewe hizi zinapita kwenye ini na figo, na hatujui kwenye chupa ya mganga kuna nini na kiasi gani. Wapo waliokatishiwa kemo katikati kwa sababu vipimo vya ini vilipanda, na nyumbani kulikuwa na dumu lililofichwa chini ya kitanda. Mwambie shangazi asifiche. Kama kuna kitu ameshampa, daktari aambiwe, hatagombwa.

Kisha hizo siku thelathini. Sisi tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo. Kwa safari hii haufai. Tanga hatuna mashine ya mionzi. Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, ipo umbali wa kilometa zaidi ya 300, na hakuna mgonjwa atakayepanda basi Kange kwenda na kurudi kwa wiki sita. Atafutiwe pa kulala Dar kabla ya kuondoka, pasiwe mbali kiasi cha kubadilisha daladala tatu. Mgawane zamu, wiki moja wewe, wiki moja ba'mdogo. Ndiyo, yeye hasa, aende akaone kwa macho yake. Nasisitiza hili la siku kwa sababu mionzi ikikatika katikati, seli zilizobaki huongeza kasi ya kugawanyika, kama magugu yanavyorudi baada ya kupaliliwa nusu. Siku za kuruka zinapunguza uwezekano wa kupona. Mashine ikiharibika au ikiingia sikukuu, ulizeni "siku hii itafidiwa vipi?" na mjibiwe. Akipata msiba huku Tanga, asirudi kuzika. Nimeona hilo limewagharimu watu.

Fedha: siku ya kwanza kabisa mwulizie afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Kama hana bima na hamna uwezo, yeye ndiye mlango wa msamaha wa gharama. Nendeni na barua ya serikali ya mtaa mkononi kabla hamjaambiwa muifuate Tanga. Mwulizeni daktari pia kama, tiba ikiisha na ugonjwa ukiwa umetulia, kuna uwezekano wa dawa ya kuamsha kinga iitwayo durvalumabu. Imepimwa kwa wagonjwa kama baba yako, na baada ya miaka mitano waliokuwa hai walikuwa kama 43 katika 100, dhidi ya 33 kwa wasioipata. Ni dawa ya gharama kubwa mno na sitaki muuze nyumba kwa ajili yake. Nataka tu muijue kwa jina, ili mkijibiwa haipo iwe mmeuliza.

Na tiba ikiisha msitupe karatasi. Kati ya mwezi mmoja na sita baadaye, pafu lililopigwa mionzi linaweza kuvimba: kikohozi kikavu, pumzi fupi, pengine homa kidogo. Mtu atasema saratani imerudi, mwingine atasema TB ile, mkamrudisha kwenye dawa za miezi sita. Msikubali mpaka daktari aambiwe kwamba alipigwa mionzi ya kifua na lini. Uvimbe huo una dawa yake, mara nyingi prednisoloni, ukiwahiwa.

Nimeliacha la mwisho kwa sababu ndilo lililoninyima usingizi tangu niliposoma barua yako. Baba yako anajua kusoma. Pale mnapompeleka panaitwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, na jina lipo langoni. Mtamfunga macho? Atakaa kwenye benchi kila asubuhi na watu wanaoongea habari zao. Atajua kwa mdomo wa mgeni, na atajua pia kwamba ninyi nyote mlijua.

Nilikuwa na mgonjwa, mzee wa pwani kama baba yako, mvuvi. Watoto wake walitusihi tusimwambie, na sisi tukakubali, jambo ambalo nalijutia hadi leo. Aliambiwa ana kidonda. Alianza vizuri. Siku ya kumi na moja, koo lilipoanza kuwaka, alikusanya shuka lake akasema kidonda gani hiki ambacho dawa yake ni mbaya kuliko chenyewe, akapanda gari kurudi kwao. Tulimbembeleza kwa simu. Hatukuwa na neno la kumrudisha, kwa sababu neno lenyewe ndilo tulilomficha. Mtu anaweza kuvumilia moto wa koo wiki tatu akijua anapigania nini. Kwa ajili ya kidonda, hawezi.

Na kisheria hata hospitali itamtaka yeye mwenyewe akubali kabla ya kuanza. Pafu ni lake.

Msimkalishe mbele ya ukoo mzima kama mtu aliyeshtakiwa. Awepo mama yako, awepo ba'mdogo, na wewe kama atakutaka. Muanze kwa kumuuliza yeye: "Baba, wewe unadhani una nini?" Kisha mnyamaze. Kimya hicho kitakuwa kirefu, msikijaze. Akisema "nadhani ni ile mbaya," mwambieni ndiyo, ni saratani, haijatoka nje ya kifua, na madaktari wana mpango wa wiki sita wa kujaribu kuiondoa. Akisema hataki kujua zaidi, heshimuni, lakini jina alijue. Wazee wa ukoo wakikasirika, waambie umeambiwa na mimi.

Akishajua, ule mfano wa gereji umfae. Mwambieni aulize mwenyewe maswali yake kwa daktari, na ninyi mkae nyuma yake. Kama baada ya kusikia yote, koo na wiki sita na hesabu nilizokupa, atasema anataka zitenganishwe, huo ni uamuzi wake na daktari atampangia. Lakini uwe wake. Usiwe wa ba'mdogo, wala wangu.

Niandikie wiki ya tatu, ile ambayo koo linaanza, nijue anakula nini. Na kipimajoto kinunuliwe hapahapa Tanga, kabla hamjapanda basi.